Kigae Kinacholia

Mkaguzi alikuwa na silaha moja tu: bisibisi. Wenzake walitembea na vifaa vyenye taa. Yeye alipiga magoti, akagonga kila kigae kwa mpini, akatega sikio. Kigae kilichoshika hujibu kwa sauti nzito. Chenye uwazi chini yake hulia, na debe tupu, mnajua wenyewe, haliachi kuvuma.

Kesho saa nne mwenye nyumba angekuja kukabidhiwa. Sebule ilikuwa safi, bafuni maji yaliteremka yenyewe hadi kwenye tundu lake. Ilibaki jikoni, na mkaguzi akasita mlangoni, maana sakafu ile ndiyo kazi ya mwisho ya mumewe, fundi wa vigae, kabla homa haijamchukua, miezi miwili iliyopita.

Walimwita Pimamaji, kwa sababu kifaa hicho cha kupimia usawa hakikumtoka kwapani hata siku ya harusi yake. Fundi hodari, lakini kila nyumba aliacha kigae kimoja kikilia. Kimoja tu. Kabla hawajazoeana, mkaguzi alimwita mara tatu arudie, akamfokea mara tatu. Ya nne fundi akakiri huku anacheka, "Sasa bila kosa ungeniita kwa lipi?"

Wakaoana, utani ukabaki. Miaka kumi na tisa mke aliandika kwenye fomu, "Fundi aitwe," na mume akaja amevaa shati safi, kana kwamba hawakuamka kitanda kimoja asubuhi ile.

Sasa, jikoni, mkaguzi alianzia dirishani. Safu baada ya safu, vigae vikajibu vizito. Akaomba kisiwepo; papo hapo akaomba kiwepo. Nyuma ya mlango, cha mwisho kikalia.

Akaketi pale pale sakafuni, akakigonga tena na tena, machozi yakimtoka. Alimtaka mumewe, si picha yake wala pole za watu.

Msimamizi wa ujenzi akachungulia. "Dada, vipi, umekwama?" Kisha akaelewa, akashusha sauti. "Kiache tu. Kiko nyuma ya mlango, mwenye nyumba hatajua."

Angeweza kukiacha. Kingelia chini ya miguu ya wageni mpaka kipasuke, na watu waseme Pimamaji alilipua kazi.

Akajifuta uso, akakunja mikono ya blauzi. "Niletee patasi, mwiko na saruji kidogo."

"Lakini dada, mafundi wapo."

"Miaka yote nilimwita yeye, akaja," alisema. "Leo ameniita mimi."