Badilisha, Weka Jina Lako

Kwa miaka sita Snezhana Tomova alizitoa Jumapili zake kuandika mtandaoni, bure, mwongozo wa kutengeneza draiva, zile programu zinazoifanya kompyuta ielewane na mashine iliyochomekwa. Somo la tatu lilikuwa na mfano mzima, na juu yake aliandika: "Mwandishi: Snezhana Tomova. Badilisha, weka jina lako." Lakini nani anasoma siku hizi? Watu wananakili tu.

Sasa alikuwa kwenye kiwanda cha mizani, mjini Ruse, akiomba kazi. Mkurugenzi akamgeuzia skrini.

"Draiva hii inazima kompyuta za wateja wetu, mama. Ina jina lako. Huoni haya kuja hapa?"

Snezhana akaisoma. Ulikuwa mfano wake, nukta kwa nukta. Hata maneno "weka jina lako" hayakuguswa.

"Huu ni mfano wa kufundishia. Kuna mtu wenu kaunakili."

"Lyuben, ni kweli?"

Lyuben, fundi wao wa programu, masikio yakamwiva. "Mimi? Niliikuta hapa hapa, bosi."

"Basi jina ni jina," mkurugenzi akasema. "Kwaheri, mama."

Lyuben akamsindikiza hadi mlangoni, akachungulia nyuma, kisha akanong'ona: "Nisamehe, dada. Mwongozo wako ndio ulionipa kazi hii. Lakini mbona hukuandika somo la kuzuia kompyuta isizimike?"

"Niliandika," Snezhana akasema. "Ni la nne."