Siku Hollis Alipoacha Gari Nyumbani

Hollis alikuwa dereva wa teksi ya watalii, mtu ambaye hata mkate wa duka la pembeni aliufuata kwa gari. Kwa hiyo Verna alishangaa Jumamosi ile mumewe aliposimama mlangoni na kofia yake ya kanisani na kusema, "Vaa viatu vya chini, bibie. Leo tunautembea mji kwa miguu, kama enzi za uchumba."

"Na gari?"

"Gari lipumzike. Leo hakuna meli ya watalii."

Verna alifurahi. Tangu watoto wahamie Brooklyn, walikuwa wakiishi kama wapangaji wawili, kila mmoja na kimya chake. Akavaa gauni la maua, wakateremka St. George's, mji mkuu wa kisiwa chao, wakiwa wameshikana mikono. Ajabu ni kwamba Hollis hakuuachia mkono ule hata mara moja, na kila walipofika kwenye ngazi aliubana.

Sokoni palijaa watu. Wanawake walikuwa wamepanga mashelisheli, mdalasini na mafungu ya kungumanga, na katikati yao alikuwa Ottilie, aliyesoma darasa moja na Hollis. Ottilie alimwona Hollis akipita karibu kabisa na meza yake bila kugeuka.

"Haya, bwana mkubwa," Ottilie alisema. "Dola za Wamarekani zimekuziba macho? Siku hizi hata salamu huna."

Hollis aligeuka, akatabasamu. Lakini lile tabasamu alimpa mwanamke mwingine, muuza pilipili wa meza ya pili, ambaye hakuwa na habari naye. Ottilie aliacha kucheka, akamtazama Verna. Verna akajifanya anachagua mdalasini.

Kutoka hapo furaha yake iliingia mchanga. Alianza kumchunguza. Hollis alisimama kila mahali, akazungusha kichwa polepole kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Aliyakodolea macho mapaa mekundu ya mlimani. Aliuliza kama mlango wa duka la vitambaa bado ni wa kijani.

"Una nini leo?" Verna aliuliza.

"Natazama mji wangu. Kuna kosa?"

Ili kufika bandarini walikata kupitia handaki la chini ya kilima, lile ambalo magari na watu hugawana njia moja nyembamba. Ndani mlikuwa na giza, na watembea kwa miguu walikwenda wakiambaa ukutani. Verna alitangulia, mkono nyuma, Hollis akimfuata. Alisikia pumzi yake ikienda mbio. Walipotokeza upande wa pili jua liliwapiga usoni, na hapo Hollis akamwachia mkono na kukanyaga katikati ya barabara, moja kwa moja mbele ya gari lililokuwa likija.

Verna alimvuta kwa ukosi wa shati. Breki zililia. Dereva alitoa kichwa dirishani.

"Mzee, ukichoka kuishi nenda ukafie kwako. Mimi usinitie kesi."

Kofia ya Hollis ilikuwa imeanguka, na Verna alimwona akipapasa hewa kuitafuta, ilhali ilikuwa pale pale miguuni pake.

Alimketisha kwenye ukingo wa bandari, mbele ya boti za kwenda kisiwa cha Carriacou. Akamrudishia kofia kichwani.

"Ni presha ya macho," Hollis alisema mwishowe. "La kushoto limekufa. La kulia naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari amesema nalo litaziba."

"Alikwambia lini?"

"Kabla ya Kanivali."

Sherehe za Kanivali zilikuwa zimepita zamani. Verna alihesabu moyoni meli zote zilizokuja tangu hapo, na wageni wote ambao Hollis aliwapandisha hadi ziwa la Grand Etang kupitia zile kona za mlimani.

"Hollis, na lile bonyeo mlangoni mwa gari? Ulisema umegonga nguzo."

"Nilisikia kishindo tu. Niliposhuka, vitu vya kikapu vilikuwa vimetapakaa barabarani. Mama mwenye kikapu alikuwa ameruka mtaroni. Hakuumia, Verna. Nilimwomba radhi, nikampeleka nyumbani kwake."

"Ulimpeleka kwake kwa gari lile lile."

Hollis akasema kwa sauti ndogo, "Nilitaka tuuone mji pamoja ningali nauona. Ningekwambia tukishafika kwenye ngome iliyo juu ya mji."

Verna alimwonea huruma, na chini ya huruma ile hasira ilichemka. Kabla hajapata la kusema, akatokea Cosmos, dereva mwenzake Hollis, mikono mfukoni.

"Wazee wa mapenzi," alisema. "Hollis, Jumatatu kuna meli kubwa. Nikuandikie watalii wa kwenda kwenye maporomoko?"

"Niandikie," Hollis alijibu haraka.

"Usimwandikie," Verna alisema. "Haendeshi tena. Haoni."

Cosmos alicheka, akidhani ni utani. Alipomtazama Hollis vizuri, kicheko kilikatika. Alikuna shingo, akasema pole isiyosikika, akaondoka.

"Umenivua nguo mbele ya watu," Hollis alisema.

"Bora uwe uchi kuliko kuua mtu."

Hollis aliinuka, akaanza kupanda kuelekea nyumbani peke yake, akipapasa kuta za nyumba za watu. Verna alimfuata nyuma, karibu kiasi cha kumdaka akianguka. Alijikwaa, akajikwaa tena, na kila Verna alipomnyooshea mkono aliukwepa.

Jumatatu honi ya meli ilisikika hadi jikoni. Hollis alikuwa amekaa mezani amevaa sare, amenyoa ndevu, chai ya kakao ikipoa mbele yake. Funguo za gari zilikuwa mfukoni mwa aproni ya Verna tangu Jumamosi, na wote wawili walilijua hilo. Hollis hakuziomba. Hakumsemesha siku ile, wala ya pili yake.