Kamati ya Kunipeleka Kwenye Kimya

Usiku wa jana niliota nimekaa kwenye kikao, na kikao chenyewe kilikuwa kinanihusu mimi.

Mwenyekiti alikuwa chupa yangu ya chai, ile nyekundu yenye maua ambayo kifuniko chake kimelegea tangu nihamie Morogoro. Alikaa katikati ya meza, akakohoa mvuke kidogo, akasema kikao cha kwanza cha Kamati ya Kumpeleka Naetwe Kwenye Kimya kimefunguliwa, na kwa kuwa wajumbe ni wengi, wale wa mlangoni wasogee ndani.

Naetwe ndiye mimi. Nyuma yangu waliketi watu wapata mia kwenye viti vya plastiki, ndani ya chumba changu cha kupanga ambacho vikiingia kitanda na kabati haibaki nafasi. Sikushangaa. Nilichowaza ni kwamba sina vikombe vya kuwatosha.

Hapa inabidi nieleze kidogo, maana safari hiyo si ya ndotoni. Kuna nyumba moja milimani huko Sri Lanka ambako watu huenda kupumzisha roho. Wanakaa siku saba bila kusema neno, wanakula mboga, wanatembea polepole, wanalala mapema. Nimekuwa nikiiwekea akiba tangu baba afariki. Kwenye msiba wa baba nilipewa kazi ya kusimamia soda, kwa sababu nimesoma na kwa sababu siwezi kumkatalia mtu. Nilipokea kreti, nikarudisha chupa tupu, na kila aliyetaka kulia alilia huku mimi nikitafuta kifungulio. Watu walipotawanyika nikakuta zamu yangu ya kulia imeshapita.

Siku ya mwisho ya kumalizia malipo ya nyumba ile ni leo. Na Jumapili shangazi Elinami, dada yake baba, alikuja kwangu na kadi ya mchango wa harusi ya mwanawe Sifaeli. Ahadi yangu aliijaza mwenyewe, na ilikuwa kubwa kiasi cha kumeza akiba yote.

"Tumekuweka hapo juu kwa sababu wewe ndiye msomi wetu," alisema, "tena huna mtoto wa kumnunulia madaftari."

Sikujibu. Kwetu, kwenye vikao vya michango, asiyepinga amekubali. Mwenyekiti huuliza kama kuna pingamizi, anasubiri pumzi mbili, halafu jambo linapita. Shangazi alisubiri pumzi moja.

Turudi kwenye ndoto.

"Mweka hazina, soma bajeti," chupa ya chai anasema.

Mweka hazina ni kikokotoo. Anasimama, anajipangusa vumbi kwenye tarakimu ya sifuri, anasoma. "Ukumbi. Mapambo ya ukumbi. Chakula. Keki kubwa, na keki ndogo za wazazi. Mpiga video. Gari la wazi la kumpeleka uwanja wa ndege. Sare za kitenge kwa wasindikizaji wote. Mshereheshaji."

"Mshereheshaji wa nini?" mama mmoja anauliza kutoka nyuma.

"Wa kimya."

"Kimya kinahitaji mshereheshaji?"

"Bila mshereheshaji," kikokotoo anasema, "watu watajuaje kwamba kimeanza?"

Wajumbe wakaona ni kweli. Bwana mmoja akasema anamfahamu fundi wa kazi hiyo, aliyeendesha kimya cha shemeji yake huko Kihonda. Watu walitulia mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Jina la huyo fundi likaandikwa. Ikakubaliwa pia kwamba kadi ziwe za aina mbili. Mwenye kadi ya mtu mmoja atanyamaza peke yake, na wenye kadi ya wawili watanyamazishana.

"Kuna pingamizi?" chupa ya chai aliuliza. Pumzi mbili zikapita. "Limepita."

Kikokotoo akapiga hesabu, akanuna. Alisema fedha hazitoshi na hana budi kuiomba kamati ibane matumizi.

Wote wanasimama. Wanabana. Wawili wanaishika keki huku na huku, wanaibana mpaka inakuwa kama kipande cha sabuni. Wengine wameuegemea ukuta wa ukumbi, wanasukuma kwa mabega, na ukumbi unapungua. Mama wa nyuma anakikunja kitenge na kukikamua, kinatoa maji ya kijani. Nami nasaidia kubana, kwa sababu nimeona wenzangu wanafanya kazi na mimi nimekaa.

"Bado haitoshi," kikokotoo alisema. "Ila kuna kipengele kimoja ambacho hatujakigusa. Nauli na malazi ya Naetwe."

"Kwani ni lazima aende?" bwana wa Kihonda akauliza.

"Ndilo swali ninalojiuliza na mimi."

"Anaweza kubaki, sisi tukaenda kwa niaba yake," mama wa nyuma akasema. "Tutamtumia video. Huyu binti hana neno, si mnamwona?"

"Kuna pingamizi?" chupa ya chai aliuliza.

Nilifungua mdomo. Ulifunguka vizuri tu, ila hakikutoka kitu. Pumzi ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita.

"Limepita. Naetwe amekatwa kwenye bajeti."

Nikatazama chini, nikaona kweli nimekatwa. Kuanzia magotini kwenda chini sikuwepo. Haikuuma. Viatu vyangu vilikuwa bado pale sakafuni, vimesimama vyenyewe, na mama wa nyuma akaja akavichukua, akasema vitamfaa bintiye.

Nageuka kutafuta kitu cha kushikilia. Ukuta si ukuta tena, ni kaunta ya uwanja wa ndege. Mbele yangu kuna mizani, na begi langu la kijivu limeshafika.

"Lipandishe, dada," mizani anasema.

"Sisafiri. Kamati imenikata."

"Hayo ni ya kamati. Mimi kazi yangu ni kupima."

Nalipandisha begi. Mizani anaguna kama mtu aliyekaliwa.

"Dada, umebeba nini humu?"

"Halina kitu. Sijaanza hata kupanga nguo."

"Wote husema hivyo. Fungua tuone."

Nilifungua zipu. Ndani mlikuwa na kreti za soda, zimepangwa moja juu ya nyingine, nyingi kuliko begi lenyewe. Nilizitambua mara moja kwa alama ya chaki niliyokuwa nikiiweka pembeni, pale nyumbani, nyuma ya turubai la msiba.

"Hizi zilirudi dukani," nilisema. "Nilizirudisha mimi."

"Zilizorudi ni tupu," mizani akasema. "Siku ile kila mtu alipata soda yake. Ya kwako ulipewa, ukaiweka pembeni, ukaendelea kuwafungulia wengine. Soda isiyofunguliwa huzaa, dada. Hawa wote ni watoto wake."

Nikauliza uzito wa ziada unalipiwa vipi, kwa kuwa mimi huuliza bei kabla ya kugusa kitu.

"Tunapokea dola, na tunapokea machozi."

"Machozi yanakwendaje leo?"

"Yamepanda. Chozi moja linabeba kreti nzima. Mwaka jana ungelia wiki mbili kwa mzigo huu, lakini haya yako yamekaa muda mrefu, yameongezeka thamani."

"Kwenye bajeti yangu sikuweka fungu la machozi."

"Hakuna anayeliweka," mizani alisema bila kunilaumu. "Wanaweka chanjo, wanaweka bima, wanaweka na zawadi za kurudi nazo."

Akanipa kifungulio. Nilichukua chupa ya juu, ya machungwa, ambayo ndiyo aliyokuwa akiipenda baba, nikaifungua. Gesi ilipotoka ilitoa ile pumzi ndefu ambayo baba alikuwa akiitoa jioni akiketi kitini kuvua viatu.

Nililia. Sikulia kwa kelele. Nililia kama mtu anayelipia kitu, huku nikiitazama namba ya mizani ikishuka, na kila iliposhuka nilihisi miguu yangu ikirudi kidogo kidogo: goti, halafu muundi, halafu kisigino kikigusa sakafu ya baridi.

"Inatosha, dada," mizani akasema. "Usizidishe, hatuna chenji."

Akanirudishia kizibo cha ile chupa, akakiweka katika kiganja changu cha kushoto na kunifumba vidole.

"Hiyo ndiyo risiti. Usiipoteze."

Kufumba na kufumbua niko milimani. Hakukuwa na ndege. Kuna ukungu, kuna majani ya chai, na kuna lango la mbao. Kamati imeshafika kabla yangu, wote na sare zao za kijani zilizokamuliwa. Mpiga video anatafuta pa kusimama. Mshereheshaji anajaribu kipaza sauti, anasema moja mbili, moja mbili.

Langoni ameketi Kimya. Ni mama wa makamo, mwembamba, amejifunga kanga ambayo mahali pa jina pako wazi, peupe tu. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba. Umefuata nini, Naetwe?"

"Nimekuja kukaa na wewe siku saba."

"Mbona tumekaa wote muda wote huu? Hata Jumapili shangazi yako alipokuja nilikuwepo. Nilikaa pale pembeni ya kitanda, nikashika mto."

"Nilikuona."

"Basi. Mtu akitoka kwenye kelele, hapa analipa fedha. Wewe umetoka kwangu. Utalipa neno." Akapuliza makapi. "Moja linatosha. Lakini wale walisikie."

Alielekeza kidevu kwa kamati. Chupa ya chai akasogea mbele, akakohoa mvuke wake.

"Wajumbe, hoja ni kwamba sisi tuingie na Naetwe abaki nje atulindie mabegi. Kuna pingamizi?"

Pumzi ya kwanza inapita. Mia nzima wanaivuta pamoja, majani ya chai yanainama. Mshereheshaji amenielekezea kipaza sauti kwa heshima tu, hategemei kitu. Pumzi ya pili imefika nusu.

"Lipo," nikasema.

Chupa ya chai hakukasirika. "Pingamizi limepokelewa. Mjumbe atoe sababu."

"Safari ni yangu. Nitakwenda peke yangu, na nitalala kwenye kitanda cha bei nafuu."

Kikokotoo alipiga hesabu, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Kwa mpango huo inatosha. Tena inabaki ya kunywea chai."

"Limepita," chupa ya chai akasema, na watu wakaanza kupanga viti vya plastiki kimoja juu ya kingine, kama inavyokuwa kikao kikiisha. Mama wa nyuma alinirudishia viatu. Alisema hata hivyo vilikuwa vinabana.

Kimya aliweka ungo chini, akalisukuma lango. Ndani yake simu ilikuwa inalia.

Ilikuwa yangu, chini ya mto. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Nilipokea kwa mkono wa kulia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hee, umelala mpaka saa hizi? Sikiliza, kamati inakaa leo mchana, na mimi sitaki kwenda pale mikono mitupu. Ile ahadi yako nitumie kwa simu sasa hivi. Au kuna neno?"

Akavuta pumzi moja. Nikajua kwamba haitakuja ya pili.

"Lipo, shangazi."

"Nini?"

"Neno lipo. Ile fedha ni ya safari. Nakwenda kupumzika, kwenye nyumba moja watu wanakonyamaza. Kwa Sifaeli nitatoa kadi ya mtu mmoja, na nitakuja siku mbili kabla kuwasaidia jikoni. Zaidi ya hapo siwezi."

Upande wa pili nilisikia redio, na mtu akifagia.

"Unalipa hela ukanyamaze?" shangazi aliuliza. "Wewe? Si ungekuja kwangu unyamaze bure?"

"Shangazi, tangu msiba sijalia."

Kufagia kukakoma.

"Nilikuona na zile kreti," alisema taratibu. "Nikasema, huyu mtoto atakaa chini saa ngapi. Halafu na mimi nikakuita nikakuomba soda." Akakohoa. "Haya. Kadi ya mtu mmoja. Nitawaambia mimi. Lakini jikoni uje kweli, usije ukaniletea habari za kunyamaza na vyombo vimejaa."

"Nitakuja."

Alipokata, nilifungua benki kwenye simu, nikalipia ile nyumba kabla sijanawa uso. Nilifanya yote kwa mkono mmoja. Wa kushoto ulikuwa umefumba tangu nilipoamka, na vidole vimekakamaa kama vya mtu aliyebeba ndoo kutoka mbali.

Nikavifungua kimoja kimoja. Kiganjani palikuwa na alama ya duara yenye meno, nyekundu, na katikati yake kizibo cha soda ya machungwa, bado kina unyevu. Chumbani kwangu hakuna soda. Sijainunua wala kuinywa tangu tumzike baba.

Nilikifuta kwa kanga, nikakiweka ndani ya pasipoti, kwa sababu niliambiwa nisikipoteze.