Nzi Wanaozimia

Kli. Kli-kli. Kioo kiligonga karai jikoni, gizani, na mtafiti akafumbua macho kabla akili haijaamka. Mama mkwe wake alikuwa na mazoea ya kudamka kuliko jogoo, hilo halikuwa jipya. Lakini vyombo vyote vilioshwa jana. Kioo pekee kilichobaki mezani kilikuwa kichupa chake.

"Mama!" Akaruka kitandani, shuka likamfuata mguuni mpaka mlangoni.

Akawasha taa. Mama mkwe alikuwa amekiinua kichupa juu, kinang'aa hakina hata doa. "Huo uji ulioganda humu umenitoa jasho, mwanangu. Na vidudu navyo! Nimevifungulia dirisha, vingine vimegoma kutoka."

Mtafiti akajikalisha kitini taratibu. Miaka saba ya kazi, nzi wake pamoja na uji wa kuwalisha, ilikuwa imeoshwa kwa sabuni.

Wale nzi wadogo wa kichupani, wa aina ile inayozunguka ndizi mbivu, walikuwa na kasoro katika jeni moja. Ukigonga chupa yao wanazimia: chali, miguu juu, wanatetemeka; dakika moja baadaye wanainuka na kujipangusa mabawa kama hakuna lililotokea. Yeye ndiye aliyegundua kwamba jeni hiyo hufanya kazi mapema mno, neva zinapoanza tu kuota ndani ya buu. Neva zikikosa breki utotoni, ukubwani hazitulii. Wahakiki wa jarida walimjibu: vizuri, rudia jaribio mara moja zaidi tuamini. Kabla hajarudia, ukungu ukavamia chupa zote za maabara. Ikasalia hiyo moja, akaileta nyumbani iwe salama. Aliruka majivu, akakanyaga moto.

"Kwa hiyo nimekuharibia," mama mkwe akasema kwa sauti ndogo. "Nitukane kidogo, roho yangu itulie."

"Nimtukane mama? Usinitafutie laana alfajiri hii." Akacheka, ingawa machozi yalikuwa mlangoni. "Hatuhitaji wote. Mmoja tu anatosha, dume au jike. Hata akizaa na nzi wa mtaani, watoto watakuwa wazima, lakini kasoro itajitokeza kwa wajukuu. Kama pua yako ilivyomruka mwanao ikamwangukia mjukuu wako Chiriku."

"Pua yangu haina kasoro yoyote!"

Chiriku mwenyewe akatokea anajikuna tumbo. Alikuwa na miaka mitano, na jina hilo alilipata kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. "Mnatafuta nini? Nani amepotea? Na mimi nitafute?"

"Nzi, mama'ngu," mtafiti akamjibu bintiye.

"Nzi gani? Mbona wako wengi?"

Hapo ndipo penye kazi. Jiko lilikuwa na nzi wake tangu zamani, wenyeji wa bakuli la matunda, na wageni walifanana nao kama mapacha. Hata hadubini isingewatofautisha. Dawa ilikuwa kuwakamata wote na kuwagonga.

Wakapanga mitungi minne ya kioo. Mama mkwe akaitoa kafara ndizi aliyoiwekea nadhiri ya kuila asubuhi, akaikatakata. Chiriku akakunja karatasi kama faneli, moja kwa kila mdomo wa mtungi: kuingia rahisi, kutoka mtihani. Kisha wakakaa sakafuni kimya, isipokuwa Chiriku. Jua lilipofika dirishani, kila mtungi ulikuwa na nzi wake.

Mtafiti akaugonga wa kwanza mezani. Nzi wote wakajishika, wakapanda juu ya kioo kama askari. Wa pili, vilevile.

"Zimieni, wanangu," mama mkwe akawabembeleza. "Zimieni kidogo tu, bibi yenu aokoke."

Wa tatu. Wakapanda, na mmoja akapanda kwa mbwembwe.

Ukabaki mtungi mmoja. Mtafiti akaushika, akauweka chini tena. Aliwahi kusimama mbele ya maprofesa thelathini bila kumeza mate, sasa mtungi wa vidudu ulimshinda. Akausogeza kwa bintiye. "Gonga wewe. Mama ameishiwa mkono."

Chiriku akagonga, ko! Akabandika pua kwenye kioo, akanyamaza, jambo ambalo halijapata kutokea tangu azaliwe. Mtafiti akafumba macho.

"Mama, mmoja ameanguka."