Beseni la Mjomba

Msimamizi wetu tulimwita Mjomba kwa sababu hakuna aliyejua kusalimia kama yeye. Atakuuliza hali yako, ya mama yako, ya mtoto mwenye kikohozi, mpaka mjinga adhani amepata ndugu. Siku hizi nasahau hata nilipovua viatu, lakini sauti ile sijaisahau, na sina mpango wa kuisahau.

Kazi ilikuwa ya malimau. Wanaume tulishusha makreti kutoka kwenye malori. Wanawake walikaa kwenye meza ndefu, kisu mkononi, wakipasua. Nusu zilikwenda kukamuliwa maji, yakajazwa kwenye tangi, na maganda yakaenda kutolewa mafuta ya sabuni na manukato, ili watu wasiotujua wanukie vizuri.

Dada yangu, aliyekuwa ameachana na mumewe, alikuwa mpasuaji. Vyumba vya kiwanda walipewa wapasuaji tu. Yeye akiwa mezani, mama yetu mwenye miguu mibovu ana paa juu ya kichwa. Akiondolewa mezani, mama anatoka chumbani siku hiyohiyo. Mimi, mbeba makreti, nililala hapo kwa hisani ya dada.

Sasa sikiliza. Maji ya limau yakikauka kwenye ngozi, halafu jua likaipiga, ngozi huungua kama imemwagiwa uji wa moto. Na sisi tulikatazwa kula ndani, eti harufu ya chakula itaingia kwenye mafuta. Basi wapasuaji walikula uani, juani, mikono ikitiririka. Dada akababuka toka vidoleni hadi viwikoni, malengelenge yakapasuka.

Na mlangoni kulikuwa na beseni. Kila asubuhi mpasuaji alizamisha mikono kwenye maji ya limau matupu, asiitoe mpaka Mjomba aseme "pita". Kubabuka walibabuka wote; ukishtuka, una kidonda kibichi. Ukiwa na kidonda, huna kazi. Kiwanda kinakuchubua, kisha kinakufukuza kwa kosa la kuchubuka.

Dada alijizoeza chumbani na bakuli la maji ya chumvi, mama akimkodolea macho.

"Jicho la kushoto limecheza, mwanangu," mama akamwambia. "Rudia."

Akarudia.

Asubuhi nilikuwa nashusha makreti karibu na mlango. Nyuma ya dada alisimama Mama Pacha, mpasuaji mgeni aliyekuwa akilala na mapacha wake kwenye banda la magunia, akisubiri chumba kiwe wazi. Dada akapiga moyo konde, akazamisha mikono. Uso wake ukawa kama ukuta.

"Hujambo, binti yangu?" Mjomba akauliza.

"Sijambo, Mjomba."

"Umeamkaje?"

"Salama."

"Na mama? Miguu inasemaje?"

"Hajambo kidogo. Anakusalimu."

"Nami namsalimu sana. Na huyu kaka yako mla bure?"

Watu wakacheka. Dada naye akacheka, Mungu wangu, akacheka vizuri kabisa.

"Yupo, anakula tu."

"Pole na kazi, lakini."

"Nimeshapoa, Mjomba."

Neno "pita" halikuja. Jasho likamtoka dada juu ya mdomo. Mama Pacha akanyoosha shingo, akadakia.

"Mjomba, mbona humuulizi habari za mama mkwe? Au mliachana naye vibaya, mwenzangu?"

"Kweli bwana, nimekosa adabu. Mama mkwe je?"

"Mzima," dada akasema. Sauti haikutetemeka. Jicho la kushoto halikucheza.

Kilichocheza ni maji. Uzi mwembamba, mwekundu, ulipanda kutoka kidole chake cha shahada, ukajikunja juu ya beseni. Mjomba akautazama kwa huruma.

"Kumbe unavuja, binti yangu. Ungesema mapema nisikuchoshe na maneno. Nenda ukapumzike. Ufunguo umwachie mlinzi."

Kibarua wa mlangoni akainua beseni kwenda kumwaga mtaroni.

"Unatupa mali?" Mjomba akamuuliza. "Rudisha kwenye tangi."

"Ina damu," nikasema.

"Limau linaua kila kitu, kaka. Wewe beba makreti."

Beseni likamiminwa kwenye tangi. Likaletwa jingine. Mama Pacha akazamisha mikono yake mizima, laini, akaambiwa "pita" kabla hata hajalowa.

Jioni nilimkuta dada akifunga godoro kwa meno, maana vidole vilikuwa havikunjiki. Mama amekaa nje juu ya ndoo, mgongo ukutani. Mama Pacha akafika na mlinzi, pacha mmoja mgongoni, mwingine mkononi, akasimama bila kujua aangalie wapi.

"Karibu, mwanangu," mama akamwambia. "Huo mlango usiuvute, utavunjika bawaba. Sukuma kwa bega."

Mama Pacha akasukuma kwa bega, akaingia.