Swali la Verdiana

Verdiana hakuwa anasalimia kama watu wengine. Hapa Sirari mtu anakuuliza habari za nyumbani, za mtoto, za biashara, basi mmemalizana. Yeye alikuwa anaweka kitambaa kwenye cherehani, ananiangalia, anauliza, "Mama Eliza, leo unaogopa nini?" Nilidhani ni utani wa kwao Bukoba. Nilichelewa kujua kwamba mwenzangu alikuwa kazini.

Tulikuwa tunatumia kibaraza kimoja. Mimi nauza vitenge, yeye anashona, kwa hiyo mteja aliyevuka mpaka kutoka Isebania alinunua kwangu na kupimwa kwake bila kusogeza mguu. Mume wa Verdiana alimleta huku akifuata dhahabu, kisha akasikia kuna machimbo mapya kwingine, akaondoka peke yake. Verdiana akabaki na cherehani na simu. Akipata nafasi alikuwa anatunga hadithi za kutisha, anazisoma kwa ile sauti yake nzito na kuzituma kwenye makundi ya WhatsApp, na watu wa pande zote mbili za mpaka walizisubiri kuliko taarifa ya habari.

Namna anavyofanya kazi yake hakuificha. Alisema mazimwi hayamtishi mtu siku hizi, watoto wenyewe wanayacheka. Ukitaka msikilizaji aogope kweli, mpe hofu ambayo mtu wa kweli anayo, anayoamka nayo asubuhi na kwenda nayo sokoni. Ndiyo maana alikuwa anamuuliza kila mtu. Dereva mmoja wa lori alimwambia anaogopa mteremko na breki, Verdiana akaona hiyo haina hadithi. Mfugaji mmoja wa Natta alimwambia simba si kitu, yeye anaogopa tembo, kwa sababu tembo hasahau sura ya mtu. Hiyo aliitungia, na mimi niliisikiliza nimefunga mlango mchana kweupe.

Yangu nilimwambia siku ya mvua, wateja hawapo. Tena nilimchagua kwa akili zangu timamu. Verdiana si Mjaluo, hana mkwe hapa, hana shangazi, hana marehemu wake hata mmoja katika mji huu. Nilijiambia kwamba siri ukimpa mgeni, siku akihama inahama naye.

Mume wangu, Okech, ni wakala wa forodha pale mpakani. Kabla yangu alikuwa na mke, Dorah, mtu wa Migori, aliyefariki bila kupata mtoto. Mimi nikaolewa baadaye, sikuwahi kumwona Dorah akiwa hai. Nilipobeba mimba akaanza kunijia ndotoni. Anasimama kwenye mlango wa jiko, haingii, analiangalia tumbo langu. Kwetu Wajaluo marehemu akija hivyo anataka jina. Mtoto anapewa nying juogi, yaani jina la huyo aliyekuja, na aliyeota anatakiwa kusema. Mimi nilinyamaza. Binti yangu alipozaliwa nikamwita Eliza, jina la marehemu mama yangu.

Verdiana akataka kujua kwa nini nilinyamaza. Nikamwambia naishi katika nyumba ya Dorah, napikia katika jiko la Dorah, nalala na mume wa Dorah. Kilicho changu peke yangu ni jina ninaloitwa. Mtoto akiwa Dorah, mimi ni Mama Dorah. Sokoni Mama Dorah, kanisani Mama Dorah, mpaka siku ya kuzikwa. Mume atarudi jioni aite "Dorah", na mtoto wangu ndiye atakayeitika. Nitakuwa namnyonyesha mwenye nyumba. Nikasema hiyo ndiyo hofu yangu, nikalia.

Aliacha kukanyaga cherehani, akanishika mkono. "Anasimama upande gani wa mlango?" akauliza kwa upole. "Amevaa nini?"

Sijawahi kusikilizwa vile na mtu. Nikajibu yote, upande, nguo, jinsi anavyoinamisha kichwa. Nilidhani ni upendo, kumbe napimwa kama mteja wa gauni.

Hadithi ilitoka kabla mvua hazijaisha. Mteja mmoja alikuwa anaisikiliza kwenye simu huku anachagua kitenge, na mimi nikaitambua sauti kabla ya kulitambua jiko. Verdiana alikuwa amebadilisha majina, na mume amemfanya mwalimu wa Musoma. Lakini jiko lilikuwa langu, na tumbo lilikuwa langu. Nilisimama pale na kitenge mkononi, nasikiliza hofu yangu ikisomwa na sauti ya rafiki yangu, na mteja ananiambia huyu dada anajua kutisha, si mchezo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wangu alikuwa ndiye anayenishonea hizo nguo.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho sikumwambia. Marehemu wa kwenye hadithi alikuwa amefunga funguo kwenye pindo la kitenge chake, na kila anapotembea zinalia. Dorah wangu anakuja kimya. Na yule mume wa kwenye hadithi, akiwa sebuleni, anazisikia funguo na haogopi. Anachoogopa ni siku zitakaponyamaza. Nilidhani Verdiana ameongeza chumvi tu, kama watunzi wanavyofanya.

Hadithi ikavuka mpaka. Ikafika Migori, kwa Sheila, dada yake Dorah, naye akampigia simu mama mkwe wangu akilia, kwamba mwenye funguo zile ni dada yake. Mama mkwe tunamwita Dani, bibi, kwa ajili ya mtoto. Alikuja dukani asubuhi amevaa nguo za kanisani na si siku ya kanisa. Shikamoo yangu aliipokea, akakaa.

"Nyar Utegi," akaniita kwa jina la kwetu nilikozaliwa, "Dorah alikuja kwako, ukaficha?"

Nikasema zile ni hadithi tu, Dani, watu wanatunga. Akatikisa kichwa, akasema huyo fundi ni mgeni, ya jiko lile angeyapata kwangu tu. Akanieleza taratibu kwamba Dorah akiwa nyumbani alikuwa anafunga funguo za kabati kwenye pindo la kitenge, na yeye alikuwa anamgombeza kila mara kwamba atachana nguo. Nje hakufanya hivyo, ni ndani tu. Hakuna aliyejua isipokuwa watu wa nyumba ile na Sheila.

"Wewe hukumkuta hai," akasema. "Hizo funguo umezijuaje, kama si yeye mwenyewe amekuonyesha?"

Akaendelea kwamba sasa ameelewa kwa nini mtoto analia kila jioni, analikataa jina tulilompa. Jumapili baada ya ibada ndugu watakuja na mtoto ataitiwa majina, kama inavyofanywa tangu zamani. Mtoto akiwa analia yanatajwa majina ya marehemu, moja baada ya jingine, na lile analolitaka likitajwa ananyamaza. Kesi nzima ya mtoto wangu ilisimama juu ya funguo, na funguo hazikutoka kwangu. Atakayesema zilikotoka ndiye atakayeliokoa jina la Eliza.

Nikatoka kibarazani. Verdiana alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, hakuniangalia. Nikamuuliza habari za funguo nani alimpa.

"Nilipewa na mtu mwingine," akasema. "Siwezi kumtaja. Aliniomba nisimtaje."

"Na mimi?"

"Wewe hukuomba, Mama Eliza. Ulisema tu."

Nilitaka kumpiga, sitaficha. Eti alinilia siri yangu kwa sababu sikuweka masharti. Mimi nilidhani machozi yanatosha kuwa masharti. Akajitetea kwamba alibadilisha majina, kwamba kwao hakuna mambo ya mfu kudai jina kwa mtoto, kwamba kwake ile ilikuwa hadithi nzuri kuliko zote alizowahi kutunga. Hilo la mwisho alilisema kwa furaha, akashindwa kuificha. Lakini siri ya yule mwingine aliitunza vizuri sana. Na kwa kuwa wenye kujua funguo walikuwa Sheila, Dani na mwanawe, na Sheila yuko Migori, na Dani hashoni kwa Verdiana, nikafunga duka nikaenda nyumbani.

Okech alikuja kula mchana. Nilimwambia nimejua. Hakubisha. Alisema alipeleka suruali kupunguzwa kiuno, Verdiana akamuuliza anaogopa nini, akajikuta amesema. Kwamba bado anazisikia zile funguo humu ndani. Kwamba anaogopa ataamka siku moja asizisikie tena.

"Mimi nalala na wewe," nikasema. "Kwa nini hukuniambia mimi?"

Alifikiri kweli, hakunijibu ovyo. "Wewe hujawahi kuniuliza," akasema.

Ni kweli sikuwahi. Mwanamke gani anamuuliza mume wake swali kama lile na jibu lake ndilo jiko analopikia kila siku? Nilimeza hasira na ugali. Nikamwomba jambo moja tu, kwamba Jumapili aseme mbele ya mama yake na ndugu zake kuwa habari ya funguo ilitoka kwake. Asiseme anachoogopa, hilo abaki nalo. Aseme tu kwamba yeye ndiye aliyemsimulia Verdiana. Akaniangalia, akamwangalia Eliza aliyelala mkekani. Akasema atasema. Nikamwamini, kwa sababu Okech ana kasoro zake lakini neno lake pale mpakani wanalitegemea hata Wakenya.

Jumapili walijaa uani. Sheila alikuja kutoka Migori na keki. Wazee walikaa kwenye viti vya plastiki, wanawake kwenye mikeka, na Verdiana naye alisimama karibu na geti na simu yake mkononi, nikashindwa kuamini kwamba ana uso wa kuja pale. Baada ya sala Dani akauliza kama kuna mwenye neno kabla hatujaanza.

Nilimwangalia Okech. Watu wengi walimwangalia, nadhani, kwa sababu macho yangu hayakutoka kwake. Alikuwa anatoa tope kwenye soli ya kiatu kwa kijiti. Alitoa tope lile mpaka likaisha, akakitupa kijiti. Dani akasema, "Basi, tuendelee."

Ndipo nilipoelewa. Okech hakuwa amesahau, wala hakuwa amemwogopa mama yake. Alilitaka lile jina. Alilitaka tangu mwanzo, na mimi nilimpelekea ombi la kulizuia, akaniahidi ili nile chakula changu kwa amani.

Eliza alipoona nyuso zile zote akaanza kulia. Dani akaita jina la mama yake mwenyewe. Mtoto akalia. Akaita la shangazi yake Okech, la bibi yake Okech, mtoto akazidi. Nikasema na la mama yangu liitwe, ni haki yake, nikaliita mwenyewe. "Eliza," nikasema. Sauti ilitoka kavu, imejaa woga na ugomvi, na mwanangu akapiga ukelele akanipa mgongo. Kuna mwanamke kwenye mkeka aliguna. Jina ambalo mtoto alikuwa anaitwa tangu azaliwe, na amelikataa mbele ya watu.

Dani akasema sasa baba yake aite. Okech akainuka, akamchukua mtoto kutoka mikononi mwangu, akamweka begani. Akamsogezea mdomo sikioni.

"Dorah," akasema.

Mtoto akanyamaza. Akaweka kichwa kwenye shingo ya baba yake, akavuta pumzi ndefu, basi. Wanawake wakapiga vigelegele. Wazee wakasema mnaona. Sheila alinikumbatia, amelowa machozi, akaniambia, "Asante sana, Mama Dorah," na mimi nikaitika, kwa sababu mtu akikuita kwa shukrani namna ile huwezi kukaa kimya. Pale getini Verdiana alikuwa ananiangalia kwa macho yale yale ya siku ya mvua, yale niliyoyaita upendo.

Mpaka leo watu wa Sirari wanasimulia kwamba mtoto alilijua jina lake. Siwakatalii. Lakini mimi nilikuwa nimesimama karibu kuliko wote, nikaisikia ile sauti. Ilikuwa ya chini, haina haraka, kama ya mtu aliyefika kwake. Tangu anioe Okech ameniita mama nanihii, ameniita wewe, ameniita nyar Utegi akiwa amefurahi. Sijawahi kuitwa hivyo. Angeniita mimi kwa sauti ile, kwa jina lolote, hata mimi ningenyamaza.