Sura ya Figo

Kila Ijumaa saa nne na dakika kumi, mkutubi alivua viatu mlangoni mwa maktaba ya shule, akajifunga kitambaa puani, akaanza kupangusa vitabu. Vilikuwa elfu mbili mia tatu na kumi na vinne. Alivipangusa migongo, akavihesabu, akaandika "vipo vyote", kisha akatoka kinyumenyume huku akifuta nyayo zake. Mwalimu mkuu alimsubiri nje na ufunguo. Aliuning'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu, na wanafunzi walimwita Komeo.

Maktaba ilikuwa na umri wa miaka sita. Daftari la kuazima lilikuwa jeupe kama siku lilipotoka dukani. Wanafunzi waliingizwa mara moja kwa mwaka, wageni wakija, wakapigwa picha wameshika vitabu vilivyofungwa, wakatolewa. Rafu ya tatu ilikuwa na nakala nane za kitabu cha biolojia. Darasa la mwisho lilikuwa na nakala moja, ya mwalimu, iliyonyofoka kurasa za katikati.

"Vitabu hivi ni vya kesho yenu," Komeo aliwaambia. "Mkivimaliza leo, kesho mtasoma nini?"

Herufi zilianza kutoka vitabuni siku ya Jumanne, wanafunzi wakiwa mstarini asubuhi. Zilipita chini ya mlango, ndogo mbele, kubwa nyuma, nukta zikikimbia pembeni zisiachwe, zikakata uwanja. Mlinzi aliinua mguu zikapita, akaushusha. Alikuwa na kikombe cha chai na hakutaka imwagike.

Kila kundi lilichagua mtu wake. Jedwali la logi lilimpanda kiranja shingoni. Historia ya falme za kale ilienea mgongoni mwa mvulana mnene, maana ilihitaji nafasi. Sura ya figo ilikwenda moja kwa moja kwa msichana aliyeitwa Swali, kwa kuwa hakuwahi kuishiwa maswali, ikamkaa mkono wa kushoto kutoka kifundo hadi kiwiko, pamoja na mchoro. Swali alitaka kuwa daktari wa mifugo. Chuo kilitaka ufaulu wa biolojia, na mtihani ulikuwa wiki tisa mbele.

Jioni alijisugua kwa sabuni na brashi ya kufulia. Bibi yake alimtazama kutoka kizingitini.

"Utajichuna ngozi, mjukuu wangu. Hivyo vidude vinauma?"

"Haviumi, bibi."

"Basi viache. Sisi wakati wetu tuliletewa upele tu."

Baada ya hapo darasa lilisoma. Walikaa wakitazamana migongo, na ungeweza kusikia: "Hebu inama, sijamaliza ukurasa." "Maliza upesi, shingo yangu si kibao cha matangazo." Mvulana mnene, aliyekuwa hapendwi, sasa aliwekewa zamu. Mwalimu wa biolojia alifundisha figo akiwa ameshika mkono wa Swali na kijiti, kama ramani. Alama zilipanda. Hakuna aliyeuliza zimepandaje, kwa kuwa zilipozidi kushuka miaka yote hakuna aliyeuliza pia.

Ijumaa mkutubi alishangazwa na wepesi wa vitabu. Alifungua kimoja, jambo lisiloruhusiwa, akaenda ofisini.

"Mwalimu mkuu, shikamoo. Vitabu vimekuwa vyeupe."

"Marahaba. Vyeupe kwa vumbi?"

"Vyeupe kwa utupu. Maneno yametoka."

"Majalada je?"

"Majalada yapo."

"Sasa umekuja kuniambia nini? Andika vipo vyote."

Akaandika.

Siku ya mtihani Swali alivaa sweta la mikono mirefu, jua likiwaka. Swali la saba lilihusu figo. Hakuhitaji kuangalia, alikwisha kulala na sura hiyo na kuamka nayo mara sitini. Aliandika kurasa mbili. Alipoomba karatasi nyingine, aliinua mkono, na koma moja ikachungulia chini ya sweta. Msimamizi wa mtihani aliiona.

"Pandisha mkono wa nguo. Hii nini?"

"Figo."

"Umeichora mwenyewe?"

"Imekuja."

"Kutoka wapi?"

"Maktaba."

Msimamizi alicheka mpaka akavua miwani. "Maktaba ya shule hii? Binti, danganya kwa akili."

Kikao kilikaa ofisini kwa Komeo. Walikuwepo msimamizi, maofisa wawili wa mitihani, Swali, bibi yake na mkutubi. Komeo angeweza kumaliza jambo hilo kwa sentensi moja. Lakini mkaguzi wa maktaba alikuwa anakuja wiki iliyofuata, na ukutani msumari wa kutundikia cheti cha maktaba bora ulikwisha kupigiliwa.

"Vitabu vyangu havijapungua hata kimoja," alisema.

Mkutubi aliweka kitabu mezani, akakifungua. Ofisa mmoja akapitisha kidole kwenye ukurasa mtupu.

"Safi sana," alisema. "Hakina hata doa."

"Kuna kumbukumbu yoyote," akauliza wa pili, "kwamba mwanafunzi huyu aliwahi kupata kitu kutoka maktaba?"

Mkutubi alikimbia kulileta daftari la kuazima. Mbele yao wote, kwa kalamu ya wino, aliandika mstari wa kwanza katika miaka sita: *Swali. Biolojia, sura ya figo.*

"Umeandika leo," ofisa alisema. "Leo haisaidii."

Bibi alisimama. "Mmemnyima kitabu, mnamwadhibu kwa kukisoma. Mna mama nyinyi?"

Walimwomba akae. Matokeo ya Swali yalifutwa kabla ya chai.

Mkaguzi alikuja, akatazama migongo ya vitabu, akasema hajawahi kuona maktaba iliyotunzwa namna hiyo. Cheti kilipata msumari wake. Komeo aliagiza saruji, upenyo wa chini ya mlango ukazibwa, na mchango wa kujenga maktaba ya pili ukatangazwa.

Swali alikwenda kuchukua cheti cha kumaliza shule, ili walau ajaribu mtihani mwaka mwingine mahali pengine. Fomu ilitaka sahihi kwamba hana kitu cha shule. Komeo alifungua daftari la kuazima, akaweka kidole kwenye mstari ule mmoja.

"Hujarudisha."

"Lakini mlisema sikuazima."

"Mtihani ni mtihani, maktaba ni maktaba. Rudisha sura, chukua cheti."

Huu ni mwaka wa tatu. Kila Ijumaa saa nne na dakika kumi Swali huvua viatu mlangoni, akaingia na mkutubi. Anaulaza mkono juu ya ukurasa mweupe. Mkutubi hungoja robo saa, hupuliza kidogo, hugonga meza kwa kidole, kama mtu anayefukuza kuku wasioondoka.

"Zimekataa," husema.

"Zimekataa," Swali husema, akashusha mkono wa sweta.

Komeo yuko nje na ufunguo. "Vipo vyote?"

"Vyote," mkutubi hujibu, "isipokuwa figo."